UZI: Carter hakuteua jaji hata mmoja wa Mahakama ya Juu, Trump akateua watatu. Miaka ni ileile minne. Ilikuwaje?

MwanaTudor (#1)

Salaam wakuu.

Kila inapoingia humu habari ya Mahakama ya Juu ya Marekani, naona watu wanamsifu rais fulani kwamba "aliijaza mahakama" na kumlaumu mwenzake kwamba alilala. Nimeamua kuandika kwa kirefu kwa sababu mambo hayaendi hivyo, na yaliyotokana nayo yamegusa maisha ya mamilioni ya watu. Mwenye haraka asome kidogo kidogo.

Jimmy Carter aliapishwa Januari 1977, akaondoka Januari 1981. Katika miaka hiyo yote hakuna jaji hata mmoja kati ya wale tisa aliyefariki, aliyestaafu wala kujiuzulu. Ndiye rais pekee aliyetumikia muhula mzima akaondoka Ikulu bila kupata nafasi ya kuteua hata mmoja. Trump alipoingia Januari 2017 alikuta kiti kitupu kinamsubiri. Mwaka 2018 Anthony Kennedy akastaafu, na Septemba 2020 Ruth Bader Ginsburg akafariki. Watatu kwa miaka minne. William Taft, kati ya 1909 na 1913, alipata sita, ukimhesabu Jaji Mkuu aliyempandisha kutoka humohumo mahakamani. Franklin Roosevelt naye muhula wake wa kwanza hakupata kitu, huku mahakama ikimfutia sheria zake za kufufua uchumi moja baada ya nyingine. Mwaka 1937 alitaka kuongeza majaji hadi wafike 15, na Seneti iliyojaa watu wa chama chake mwenyewe ikamkatalia. Kisha wazee wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na kabla hajafariki 1945 alikuwa amewateua wanane wapya na kumpandisha mmoja kuwa Jaji Mkuu.

Chanzo ni kwamba Katiba yao inamwacha jaji kazini maadamu mwenendo wake ni mwema. Hakuna umri wa kustaafu, hakuna muhula. Viti ni tisa tangu 1869. Kwa hiyo nafasi hupatikana jaji akifa, akiugua, au akiamua mwenyewe kwamba yatosha. Lini itatokea, hakuna ajuaye.

Msimamo wangu ni huu: maradhi na mauti ndivyo vinavyoamua kiti kiwe wazi siku gani, na hesabu ya kura za Seneti ndiyo inayoamua kama rais aliyepo atakijaza. Mwananchi aliyepiga kura yuko mbali sana na mambo yote mawili. Nadhani hilo ni kosa kubwa katika mfumo wao, na nitaeleza kwa mfano mmoja unaotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki.

MwanaTudor (#2)

Thurgood Marshall.

Wengi wanamjua kama Mmarekani mweusi wa kwanza kukaa Mahakama ya Juu. Wachache wanajua kwamba mwaka 1960, akiwa bado wakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi, alialikwa na Tom Mboya kuwa mshauri wa wajumbe wa Kiafrika kwenye mkutano wa katiba ya Kenya, Lancaster House, London. Huko aliandika rasimu ya haki za msingi kwa ajili ya Kenya. Mtu aliyetumia ujana wake kuwatetea watu weusi waliokuwa wachache kwao, alifika pale akaandika ulinzi kwa ajili ya Wazungu na Wahindi waliokuwa wachache kwetu. Mimi hilo linanifanya nimheshimu mno.

Sasa tazama alivyokipata kiti. Mwaka 1967 Rais Lyndon Johnson alitaka kumteua, lakini hapakuwa na nafasi. Johnson akaitengeneza. Jaji Tom Clark alikuwa na mtoto, Ramsey Clark, aliyekuwa Wizara ya Sheria. Johnson akampandisha Ramsey kuwa Mwanasheria Mkuu. Wizara hiyo ndiyo inayopeleka kesi za serikali mbele ya Mahakama ya Juu, na baba asingeweza kuendelea kukaa pale akiamua kesi za ofisi ya mwanawe. Mzee Clark akastaafu. Kiti kikawa wazi, Marshall akaidhinishwa kwa kura 69 kwa 11. Miaka miwili kabla, Johnson huyohuyo alikuwa amemshawishi Arthur Goldberg atoke mahakamani aende kuwa balozi Umoja wa Mataifa, ili rafiki yake Abe Fortas apate nafasi. Ile ilikuwa siasa tupu.

Upande wa bahati ni namna kiti kilivyomtoka. Kuanzia Januari 1981 Ikulu ilikuwa mikononi mwa Warepublican, chama cha wahafidhina, wakati Marshall alikuwa mliberali: Reagan miaka minane, kisha George Bush baba. Marshall alikuwa akisema ameteuliwa kwa maisha yake yote na atamaliza muda wake wote. Lakini moyo ulikuwa unasumbua, macho yanafifia, na wenzake wa mrengo wake wanapungua. William Brennan, rafiki yake mkubwa mle ndani, aliondoka 1990. Kwa nje, Bush alikuwa ametoka kushinda vita vya Kuwait na kura za maoni zilikuwa zimempa karibu asilimia 90. Juni 1991 hakuna aliyeona dalili kwamba mtu huyo angeshindwa uchaguzi mwaka unaofuata. Tarehe 27 mwezi huo Marshall akatangaza anastaafu, akiwa na umri wa miaka 82. Waandishi walipomuuliza ana tatizo gani, aliwajibu kwamba amezeeka na mwili unasambaratika.

Bush akamteua Clarence Thomas, mwenye miaka 43. Naye ni mweusi, ila kwa mawazo ya sheria ni kinyume cha Marshall karibu katika kila jambo. Seneti ikamwidhinisha 52 kwa 48.

Uchumi ukayumba, Bush akashindwa. Bill Clinton, Mdemokrat, aliapishwa tarehe 20 Januari 1993. Marshall alikuwa amepangwa kumwapisha Makamu wa Rais Al Gore siku hiyo, lakini alikuwa hoi, ikabidi Jaji Byron White achukue nafasi yake. Tarehe 24 Januari Marshall akafariki.

Siku nne, wakuu. Angekuwa bado kazini siku ile, mrithi wake angeteuliwa na Clinton.

Fuatilieni kiti hicho. Desemba 2000, kesi ya Bush na Gore kuhusu kura za Florida iliamuliwa tano kwa nne, na Thomas alikuwa mmoja wa wale watano. Bush mtoto akaingia Ikulu. Kweli, alichaguliwa tena 2004 kwa kura za wananchi, na majaji wake wawili, John Roberts na Samuel Alito, aliwapata katika muhula huo wa pili. Lakini huo wa pili ungetoka wapi bila wa kwanza? Kisha 2013, kesi ya Shelby County, tano kwa nne tena, Thomas na Roberts na Alito wote ndani, mahakama ikaondoa nguvu ya kifungu kikuu cha Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965, matunda ya harakati zilezile ambazo Marshall alizipa maisha yake.

WakiliWaKata (#3)

Mkuu MwanaTudor, asante kwa darasa, hiyo ya siku nne sikuijua kabisa. Ila naona umeegemea mno upande wa bahati. Jaji Scalia alifariki Obama akiwa Ikulu, bahati ilikuwa yake, na hakupata kitu. Hapo utasema nini?

MwanaTudor (#4)

Nashukuru ndugu yangu, huo ndio upande wa pili nilioutaja.

Antonin Scalia alifariki usingizini kwenye shamba la mapumziko Texas, Februari 13, 2016, akiwa na miaka 79. Obama alikuwa amebakiza karibu mwaka mzima. Siku hiyohiyo kiongozi wa wengi katika Seneti, Mitch McConnell, akatoa tamko kwamba kiti kisijazwe mpaka rais mpya apatikane. Machi 16 Obama akamteua Merrick Garland, jaji mzoefu, wa katikati, mtu ambaye hata baadhi ya Warepublican walikuwa wamemsifu miaka ya nyuma. Hakuitwa hata mara moja kuhojiwa na kamati. Warepublican walikuwa na maseneta 54 kati ya 100, na Katiba haisemi Seneti ifanye nini wala kwa siku ngapi. Uteuzi ule ulikaa siku 293, ukafa wenyewe Bunge lilipomaliza muda wake Januari 2017. Neil Gorsuch akakalia kiti hicho Aprili, kwa kura 54 kwa 45, baada ya Warepublican kuifuta kanuni iliyotaka kura 60 ili kufunga mjadala wa uteuzi wa Mahakama ya Juu.

Ginsburg alifariki Septemba 18, 2020, siku 46 kabla ya uchaguzi. McConnell yuleyule, Seneti ileile, akasema safari hii ni tofauti kwa kuwa rais na Seneti ni wa chama kimoja. Amy Coney Barrett akaidhinishwa Oktoba 26, kura 52 kwa 48, siku nane kabla ya kura za urais.

Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Mwaka 2016 wingi ulizuia, mwaka 2020 wingi uliharakisha, na Katiba haikuvunjwa mara zote mbili. Ndiyo maana nasema kosa liko kwenye mfumo.

BintiKorogwe (#5)

Kaka, samahani, mimi nitasema wazi. Huyo mama Ginsburg ninamheshimu, lakini aliponza watu wake. Alipata saratani 1999, tena ya kongosho 2009. Obama alimwalika chakula cha mchana 2013, Wademokrat wakiwa bado na Seneti, ujumbe ukaeleweka na kila mtu. Angeondoka pale, kiti kingekuwa salama. Wanawake wa majimbo mengine leo wanavuka mpaka kutafuta huduma ya kutoa mimba.

MwanaTudor (#6)

Dada, uchungu wako naupokea, na kwa hesabu za siasa uko sahihi. Wademokrat walipoteza Seneti katika uchaguzi wa Novemba 2014, na baada ya hapo mlango ulikuwa umefungwa. Lakini siwezi kumbebesha yeye peke yake. Alikuwa anafanya kazi vizuri, akili imesimama, kura za maoni za 2016 zilionyesha mwanamke anakwenda kuwa rais. Marshall naye alipiga hesabu zake 1991 akaondoka mapema, akakosea. Ginsburg alipiga zake akabaki, akakosea. Mfumo unaomtaka mgonjwa wa miaka 80 abashiri matokeo ya uchaguzi ili haki za wengine zibaki salama ndio unaostahili lawama. Siku chache kabla ya kufa alimwambia mjukuu wake kwamba hamu yake kubwa ni asipate mrithi mpaka rais mpya aapishwe. Haikuwa hiari yake tena.

Na sasa chukueni wale majaji watano walioifuta hukumu ya Roe, iliyolinda haki ya kutoa mimba nchi nzima, tarehe 24 Juni 2022, muone viti vyao vilipatikanaje.

Thomas yuko kwenye kiti cha Marshall. Gorsuch yuko kwenye kiti alichonyimwa Garland. Barrett yuko kwenye kiti cha Ginsburg. Alito yuko kwenye kiti cha Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuingia mahakama ile, ambaye mwaka 1992 alikuwa miongoni mwa waliokataa kuifuta Roe. O'Connor hakuwa amechoka na kazi. Mumewe alikuwa na ugonjwa wa Alzheimer, na alitaka kumuuguza. Jaji Mkuu Rehnquist, aliyekuwa na saratani ya tezi ya thyroid, alikuwa amemweleza kwamba yeye haondoki mwaka huo. Wakiondoka wawili kwa mpigo mahakama itayumba, kwa hiyo O'Connor akaona ni zamu yake, akatangaza Julai 1, 2005. Rehnquist akafariki Septemba 3.

Wa tano, Brett Kavanaugh, ndiye pekee ambaye kiti chake kilipangwa kwa utulivu: Kennedy alistaafu mwenyewe, chini ya rais wa chama kilichomteua, na aliyemrithi aliwahi kuwa msaidizi wake wa sheria. Aliidhinishwa 50 kwa 48 baada ya vikao vilivyoigawa nchi nzima.

Uamuzi wa kuifuta Roe yenyewe ulikuwa tano kwa nne. Ondoa kifo kimoja tu hapo, au sogeza tarehe moja, na matokeo yanageuka.

MkongweWaRedio (#7)

Vijana mmenikumbusha mengi. Niongeze moja la zamani, kwa sababu bahati si ya upande mmoja.

Mwaka 1953 kesi ya Brown, ya kutenganisha watoto weusi na weupe shuleni, ilikuwa imeshasikilizwa mara moja na majaji wamegawanyika. Jaji Mkuu Fred Vinson alikuwa na mashaka makubwa ya kufuta utenganisho ule. Kesi ikapangwa isikilizwe upya. Septemba 8 Vinson akafa ghafla kwa mshtuko wa moyo. Eisenhower alikuwa amemwahidi gavana wa California, Earl Warren, nafasi ya kwanza itakayotokea Mahakama ya Juu. Warren alikuwa mtu wa kisiasa, si jaji, na mwaka 1952 jimbo lake lilikuwa na uzito katika mkutano wa chama uliompa Eisenhower tiketi. Kumbe nafasi ya kwanza ikawa ya Jaji Mkuu mwenyewe. Warren akashikilia kwamba ahadi ni ahadi. Mei 17, 1954 hukumu ikatoka tisa kwa sifuri, na Warren ndiye aliyezunguka kwa wenzake mmoja mmoja mpaka wakakubaliana.

Tena Brennan mliyemtaja hapo juu aliteuliwa Oktoba 1956, wiki chache kabla ya uchaguzi, kwa sababu Eisenhower alitaka kura za Wakatoliki. Akawa nguzo ya mrengo wa kushoto miaka zaidi ya thelathini. Kwa hiyo rais anaweza kuteua asijue anachokiteua.

MwanaTudor (#8)

Mzee wetu, shikamoo, na asante. Hilo la mwisho ni kweli kwa enzi zile. Katika ile Roe ya 1973 yenyewe, iliyopita saba kwa mbili, watano kati ya saba waliteuliwa na marais wa Republican. Lakini vyama vilijifunza. Baada ya David Souter, aliyeteuliwa na Bush baba 1990 akaishia kupiga kura na waliberali, Warepublican walisema hapana tena. Tangu hapo kila anayefikiriwa huchunguzwa maandishi yake tangu akiwa chuo. Trump mwaka 2016 alitangaza kabisa orodha ya majina kabla ya uchaguzi, jambo ambalo halikuwa desturi. Wademokrat nao: Biden aliahidi kwenye mdahalo wa South Carolina, Februari 2020, kwamba atateua mwanamke mweusi, akiwa anazihitaji kura za jimbo lile kuliko kitu chochote. Ahadi ikatimia 2022, Ketanji Brown Jackson, 53 kwa 47. Ni jaji mzuri sana kwa maoni yangu, na nafasi yake ilipatikana kwa kuwa Stephen Breyer, baada ya kuona ya Ginsburg, alikubali kuondoka mapema.

Scalia 1986 aliidhinishwa 98 kwa 0. Linganisha na namba za leo.

BintiKorogwe (#9)

Na kwetu je? Maana tusiwacheke jirani, nyumba zetu zina matundu.

WakiliWaKata (#10)

Dada, niseme ya Kenya ninayoyaishi kila siku. Jaji anastaafu akiwa na miaka 70, na Jaji Mkuu hazidi miaka kumi kwenye cheo. Tume ya Huduma za Mahakama inatangaza nafasi, inahoji watu hadharani, televisheni inaonyesha, kisha rais anapelekewa jina moja. Willie Mutunga aliondoka Juni 2016, mwaka mmoja kabla ya wakati wake, ili mrithi azoee kiti kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017. Mrithi ni David Maraga. Septemba 1, 2017 mahakama yake ikafuta ushindi wa urais wa Uhuru Kenyatta, nne kwa mbili, jaji wa saba akiwa mgonjwa. Kwa hiyo maradhi yapo hata kwetu.

Na siasa ipo. Uhuru alikaa na orodha ya majaji tangu 2019, mwaka 2021 akawateua 34 na kuwaacha 6 ingawa mahakama zilishamwambia hana hiari ya kuwakataa. Wote sita waliteuliwa na William Ruto alipoingia Septemba 2022. Tofauti ni kwamba huku kwetu tarehe ya kuondoka jaji inajulikana, na hilo ni jambo kubwa.

Tanzania mnajua wenyewe: umri wa Mahakama ya Rufani ni 65, ila Jaji Mkuu anachaguliwa na rais mwenyewe, bila mahojiano ya hadharani wala kura ya Bunge.

MkongweWaRedio (#11)

Basi MwanaTudor, wewe ungewashauri nini hao Wamarekani? Maana kulalamika bila dawa hakutoshi.

MwanaTudor (#12)

Mzee, dawa inajulikana na imeandikwa sana: miaka 18 kwa kila jaji, isiyorudiwa. Viti tisa, kila baada ya miaka miwili kimoja kinafunguka, kila rais anapata wawili kwa muhula, awe Carter au Trump. Jaji akifa katikati, atakayemrithi anamalizia miaka iliyobaki tu. Hakuna tena sababu ya kutafuta kijana wa miaka 43 ili akae miaka 35. Biden alilipendekeza hilo rasmi Julai 2024. Ujerumani majaji wa Mahakama ya Katiba wanakaa miaka 12, na kila mmoja lazima apate theluthi mbili ya kura, hivyo hakuna chama kinachoweza kumpitisha mtu wake peke yake.

WakiliWaKata atasema wingi wa Seneti unaweza bado kuzuia kama ulivyomzuia Garland. Ni kweli. Ndiyo maana mimi ningeongeza sharti: Seneti ipige kura ndani ya siku kadhaa zilizowekwa, isipopiga ihesabike imekubali.

Ugumu uko kwenye njia. Kubadili Katiba yao kunataka theluthi mbili ya mabaraza yote mawili ya Bunge, kisha majimbo 38 kati ya 50. Wapo wanasheria wanaosema sheria ya kawaida ingetosha kama jaji atahamishiwa mahakama nyingine badala ya kufukuzwa, wapo wanaokataa katakata, na watakaoamua nani yuko sahihi ni haohao majaji tisa.